Ralph Bunche: Mjukuu wa Mtumwa Aliyesimamisha Vita

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kuwaletea habari za watu waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa mchungaji wala mmisionari. Alikuwa mwalimu wa sayansi ya siasa. Sisi tulikutana na jina lake mara ya kwanza tulipokuwa chuo cha Biblia. Kwenye kabati la maktaba kulikuwa na kitabu cha zamani kisicho na jalada, na ndani yake picha ya mtu mweusi aliyevaa suti, ameketi kati ya maofisa wa jeshi waliokuwa wakitia sahihi. Tulimwuliza mwalimu huyo ni nani. Alitueleza habari zake kwa ufupi, nasi tangu siku ile tumekuwa tukizitafuta. Anaitwa Ralph Bunche, na kazi yake iligusa Palestina, Tanganyika, Rwanda, Burundi na Kongo yetu. Kwa hiyo imetugusa sisi pia, tunaoishi hapa chini ya maturubai na bati za msaada.

Utoto wa kuhamahama

Ralph Bunche alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika mji wa Detroit, nchini Marekani. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alipenda muziki, lakini afya yake ilikuwa dhaifu. Familia ilihamia Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, kwa matumaini kwamba hewa kavu ya huko ingemsaidia mama. Haikumsaidia. Alifariki mwaka 1917, na baba hakukaa tena na watoto wake. Ralph alikuwa na miaka 13.

Aliyebaki kumlea ni bibi yake mzaa mama, Lucy Johnson. Bibi huyo alikuwa amezaliwa utumwani. Alikuwa mwembamba na mfupi, lakini nyumba nzima ilimsikiliza. Aliwachukua Ralph na dada yake mdogo, wakahamia Los Angeles, na huko alisimamia jambo moja kuliko yote: mtoto huyu atasoma. Wapendwa, wako bibi wa namna hiyo katika makambi yetu. Tunawaona asubuhi wakiwasukuma wajukuu waende shule hata siku ambayo hakuna uji.

Ralph alisoma. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1922 akiwa wa kwanza, ila alinyimwa nafasi katika chama cha heshima cha wanafunzi bora kwa sababu ya rangi yake. Akaingia Chuo Kikuu cha California, tawi la Los Angeles, akicheza mpira wa kikapu na kujilipia gharama kwa kufagia na kusafisha majengo. Mwaka 1927 alihitimu akiwa tena wa kwanza. Chuo Kikuu cha Harvard kikampa nafasi ya kuendelea, lakini pesa za kuishi huko hakuwa nazo. Ndipo watu weusi wa Los Angeles, ambao wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kipato kidogo, wakachangishana dola 1,000 wakampa aende. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa fedha nyingi sana.

Swali alilolibeba

Bunche alianza kufundisha mwaka 1928 katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, chuo cha watu weusi, na akawa mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Mwaka 1930 alimwoa Ruth Harris, aliyekuwa mwalimu, na Mungu akawajalia watoto watatu. Huku akifundisha, aliendelea na utafiti wake wa udaktari.

Tunaomba msomaji avumilie kidogo hapa, maana utafiti huo ndio ufunguo wa maisha yake yote. Baada ya vita kuu ya kwanza, makoloni ya Ujerumani yalichukuliwa na washindi. Lakini hawakupewa kama mali yao. Walipewa kwa dhamana, chini ya Shirikisho la Mataifa lililokuwa na makao Geneva, na kila mwaka mtawala alipaswa kupeleka taarifa ya jinsi anavyowatunza wenyeji. Sehemu kubwa ya Togo iliwekwa mikononi mwa Wafaransa kwa utaratibu huo. Jirani yake Dahomey, ambayo leo tunaiita Benin, ilikuwa koloni la kawaida la Wafaransa hao hao. Bunche akajiuliza hivi: mtawala ni mmoja, nchi zinapakana, ila moja ina mtu wa nje anayeikagua na nyingine haina. Je, mwananchi wa kawaida anapata nafuu yoyote kwa sababu ya ule ukaguzi?

Hakutaka kujibu akiwa amekaa maktabani tu. Mwaka 1932 alisafiri, akasoma nyaraka Ulaya, kisha akaenda mwenyewe Togo na Dahomey kuangalia kodi, shule, mashamba na ofisi za wakuu wa wilaya. Jibu alilolipata halikuwa la kufurahisha. Tofauti ilikuwa ndogo. Taarifa zilikwenda Geneva zimeandikwa vizuri, wakati kijijini mambo yalibaki karibu yale yale. Mwaka 1934 Harvard ilimpa shahada ya udaktari, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa sayansi ya siasa katika chuo cha nchi ile, na utafiti wake ukapewa tuzo.

Sisi tunaoishi kwa taarifa zinazoandikwa juu yetu tunalielewa jibu lile bila kufundishwa. Ila Bunche hakusema kwamba ukaguzi ni upuuzi, basi tuuache. Alibaki na swali la pili: ukaguzi huo ungekuwa na meno, na mwananchi mwenyewe angepewa njia ya kusema, ingekuwaje?

Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwaka 1937 alikwenda London kuendelea na masomo juu ya watu wa Afrika. Huko alihitaji kujifunza Kiswahili kabla ya kusafiri, na mwalimu wake akawa kijana mmoja kutoka Kenya aliyekuwa akiishi Uingereza, Jomo Kenyatta, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Basi, wapendwa, lugha hii tunayoimbia na kuhubiria ndiyo aliyokuwa akiihangaikia msomi huyo jioni za London.

Alipitia Afrika Kusini, akaona ubaguzi wa huko kwa macho yake, kisha akafika Kenya mwaka 1938. Aliishi miongoni mwa Wakikuyu wa Kiambu, akahudhuria sherehe zao za jando na baadaye akaandika juu yake. Wenyeji wakampa jina la Kariuki, maana yake aliyefufuka au aliyerudi. Kwao alikuwa mtoto wa wale waliochukuliwa zamani ng'ambo ya bahari, na sasa amerudi.

Maneno machache katika Hati

Vita kuu ya pili ilipowaka, serikali ya Marekani ilitafuta watu wanaoijua Afrika na ikakuta ni wachache sana. Bunche akaitwa mwaka 1941. Mwaka 1945 alikuwa San Francisco, mahali Hati ya Umoja wa Mataifa ilipoandikwa, naye alikuwa miongoni mwa wataalamu walioshughulikia sura zinazohusu makoloni na nchi za udhamini. Mwaka uliofuata akaingia katika Umoja wa Mataifa wenyewe, akiongoza idara ya udhamini.

Hapa ndipo swali lake la zamani lilipopata nafasi. Chini ya utaratibu mpya, mtawala hakutakiwa kuleta taarifa peke yake. Baraza la Udhamini liliweza kutuma wajumbe kwenda kuona nchi yenyewe. Na wananchi wa kawaida waliweza kuandika barua za malalamiko moja kwa moja kwa Baraza, hata kwenda New York na kusikilizwa.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Waingereza. Mwezi Machi 1955 mwalimu mmoja wa shule, Julius Nyerere, alisimama mbele ya Baraza hilo akaeleza kwamba Watanganyika wanataka kujitawala. Nauli yake ilipatikana kwa michango ya wanachama wa TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Hatusemi Bunche ndiye aliyeleta uhuru ule. Uliletwa na Watanganyika wenyewe. Lakini mlango alioupitia Nyerere, Bunche alikuwa mmoja wa mafundi walioutengeneza.

Wasomaji wetu Wakongo wataona jambo jingine. Ubelgiji nayo ilikuwa na nchi za namna mbili zilizopakana, kama Togo na Dahomey. Ruanda-Urundi ilikuwa nchi ya udhamini. Kongo ilikuwa koloni tupu. Mtu wa Kitega au Nyanza aliweza kuandika New York akilalamika juu ya mkuu wake. Mtu wa Bukavu au Stanleyville hakuwa na Baraza la kuandikia. Hata hivyo tusijidanganye. Udhamini haukuizuia damu iliyomwagika Rwanda mwezi Novemba 1959, wala haukuwazuia wale wakimbizi wa kwanza waliovuka kuja Kongo, Burundi, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu wa Kivu wanakumbuka walivyowapokea.

Kisiwa cha Rhodes

Mwaka 1948 vita vilianza kati ya taifa jipya la Israeli na nchi za Kiarabu. Umoja wa Mataifa ulimteua mpatanishi, Folke Bernadotte kutoka Uswidi, na Bunche akawa msaidizi wake mkuu. Walizunguka pamoja kwa ndege kutoka mji mmoja hadi mwingine. Tarehe 17 Septemba 1948 Bernadotte alipigwa risasi na kuuawa mjini Yerusalemu na kikundi cha Kiyahudi cha msimamo mkali, pamoja na ofisa Mfaransa aliyeketi kando yake. Bunche alipaswa kuwa naye siku ile. Alikuwa amecheleweshwa njiani.

Mara moja kazi ya marehemu ikawekwa mabegani mwake. Mwezi Januari 1949 aliwakusanya wajumbe wa Misri na Israeli katika hoteli moja kwenye kisiwa cha Rhodes, nchini Ugiriki. Mwanzoni walikuwa hawataki hata kukaa pamoja. Bunche hakuanza na mambo makubwa. Alikutana na kila upande peke yake chumbani, kisha akawaleta pamoja kwa jambo dogo tu: kukubaliana ajenda. Alitaka wazoee kukubaliana na kuweka sahihi, hata kama kilichoandikwa ni kidogo. Alikaa nao usiku kucha akitafuta neno moja ambalo wote wangeweza kulimeza. Walipochoka alicheza nao biliadi.

Inasimuliwa kwamba alikuwa ametengenezesha sahani nzuri za ukumbusho kwa mafundi wa kisiwani. Wajumbe walipokaribia kuvunja mazungumzo aliwaonyesha sahani hizo, akawaambia kwamba wakikubaliana kila mmoja atapewa yake, wasipokubaliana atawavunjia kichwani. Walicheka, wakarudi mezani.

Tarehe 24 Februari 1949, baada ya wiki 6, Misri na Israeli walitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita. Lebanoni ikafuata mwezi Machi, Yordani mwezi Aprili, Siria mwezi Julai. Mwaka 1950 Bunche alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mtu mweusi wa kwanza duniani kuipata. Yeye alitaka kuikataa, kwa maoni yake kwamba mtumishi wa Umoja wa Mataifa hafanyi upatanishi ili apate zawadi. Wakubwa wake walimsihi, akaipokea.

Jambo ambalo halikumalizika

Sasa, wapendwa, hapa tunataka tusimame kidogo, maana ni hapa sisi tuliponyamaza na kutafakari muda mrefu.

Katika vita vile Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao. Taarifa ya mwisho ya Bernadotte, ambayo Bunche alishiriki sana kuiandika, na ambayo ilitiwa sahihi siku moja tu kabla ya mauaji, ilipendekeza haki ya wakimbizi hao kurudi nyumbani kwao itambuliwe. Tarehe 11 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 194, likisema wale wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na wasiotaka walipwe fidia. Lakini mikataba ya Rhodes ilihusu majeshi: nani asimame wapi na bunduki zinyamaze vipi. Habari ya wakimbizi iliachiwa kamati nyingine, na kamati ile haikufaulu. Mwaka 1950 shirika maalumu, UNRWA, lilianza kuwagawia chakula na kuwasomesha watoto wao, kwa wazo kwamba ni kazi ya muda mfupi. Wajukuu na vitukuu vya wale wa 1948 bado wamo katika orodha zake.

Kwa hiyo tuzo ilitolewa, sahani ziligawiwa, na watu wa kambini walibaki kambini. Je, tumlaumu Bunche? Wako wanaomlaumu. Sisi tunaona hivi: mtu aliyezuia bunduki amewaokoa wale ambao wangekufa kesho yake, na hao ni watu wenye majina na mama zao. Lakini kunyamaza kwa bunduki hakujawa kurudi nyumbani. Tunalijua hilo vizuri. Mara ngapi tumesikia redioni kwamba wakubwa wametia sahihi, tukapiga vigelegele, tukaanza hata kufunga mizigo, na miezi ikapita? Tangu hapo tumejifunza kuuliza swali moja kila tunaposikia habari za mkataba: sisi tumeandikwa ukurasa wa ngapi?

Nyumbani kwake mwenyewe

Huku dunia ikimsifu, nchini mwake Bunche aliendelea kuwa mtu mweusi. Mwaka 1949 Rais Truman alimpa nafasi ya juu katika wizara ya mambo ya nje. Aliikataa, kwa kuwa hakutaka kuwarudisha mke na watoto wake kuishi katika ubaguzi wa mji wa Washington. Mwaka 1954 alihojiwa na kamati iliyomshuku kuwa mkomunisti, akaonekana hana kosa. Mwaka 1959 mwanawe alizuiwa kujiunga na klabu ya tenisi mjini New York kwa sababu ya rangi. Kelele zilipopigwa magazetini klabu iliomba radhi, lakini Bunche alijua kwamba kama asingekuwa mtu mashuhuri hakuna ambaye angeombwa radhi. Mwezi Machi 1965, akiwa tayari mgonjwa wa kisukari, alitembea pamoja na Martin Luther King katika maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery kudai haki ya kupiga kura.

Kofia za bluu

Mwaka 1956 vita vya Mfereji wa Suez vilipozuka, Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka jeshi la kukaa katikati ya maadui. Jambo kama hilo halikuwahi kufanyika kwa ukubwa ule. Bunche alipewa kazi ya kulipanga: askari watoke wapi, wasafiri vipi, wale nini, na watambulikane kwa alama gani. Kofia za kijeshi zikapakwa rangi ya bluu ili asiyewajua asiwapige risasi. Hizo ndizo kofia za bluu ambazo watoto wetu wamezoea kuzichora.

Kisha ikaja Kongo. Bunche alifika Léopoldville mwishoni mwa Juni 1960 kuwakilisha Umoja wa Mataifa katika sherehe za uhuru. Siku chache baadaye askari waliasi, majeshi ya Ubelgiji yakaingia tena, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza kuwa nchi yake. Serikali ya Lumumba iliomba msaada. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama liliidhinisha jeshi la Umoja wa Mataifa, lile wazee wetu waliloliita ONUC, na Bunche akajikuta anaongoza kila kitu: askari, ndege, chakula, hospitali zisizo na madaktari.

Lumumba alitaka jeshi lile liende Katanga likomeshe uasi. Bunche alisema agizo alilopewa haliruhusu kupigana. Mapema mwezi Agosti alikwenda mwenyewe Elisabethville, akakuta watu wa Tshombe wamejiandaa kuwapiga risasi askari wa Umoja wa Mataifa, akashauri wasiingizwe kwanza. Kwa Lumumba ule ulikuwa usaliti. Hawakuelewana tena, na katika barua zake Bunche alimhukumu Lumumba kwa ukali. Aliondoka Kongo mwishoni mwa Agosti, amechoka sana. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Mwezi Septemba mwaka huo Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, rafiki wa Bunche, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola akiwa njiani kutafuta suluhu ya Katanga. Uasi ule ulikuja kuzimwa mwezi Januari 1963, kwa nguvu za jeshi lile lile.

Sisi Wakongo hatuwezi kuipita sura hii haraka. Wazee wengine husema Bunche alikuwa mwaminifu kwa karatasi kuliko kwa watu. Wengine husema bila ONUC nchi ingepasuka vipande kabla ya mwaka kwisha. Tumewasikiliza wote. Tunachokiona ni kwamba mtu huyu, aliyewahi kuuliza kama ukaguzi wa mataifa unamfikia mwanakijiji, safari hii yeye mwenyewe alikuwa ndiye taifa la nje, amevaa agizo lililoandikwa New York, na mwananchi amesimama mbele yake anamwambia halitoshi. Kofia za bluu zilirudi kwetu mwaka 1999, na maneno ni yale yale. Mama aliyekimbilia penye geti la kambi yao usiku anajua thamani yao, na pia anajua mpaka wao.

Miaka ya mwisho

Mwezi Mei 1967 Misri iliamuru askari wa kofia za bluu waondoke katika ardhi yake. Walikuwa wamekaa tangu 1956, na kwa zaidi ya miaka 10 mpaka ule ulikuwa umetulia. Waliondolewa, na tarehe 5 Juni vita vikaanza, na maelfu kwa maelfu wakakimbia tena, baadhi yao kwa mara ya pili. Bunche aliumia sana kuona kazi yake ikibomoka kwa siku chache. Nyumbani alikuwa na msiba pia, kwa maana mwaka 1966 alikuwa amempoteza binti yake. Macho yake yalififia kwa kisukari, karatasi akasomewa na wengine, lakini Katibu Mkuu U Thant hakutaka kumwachia aende.

Alifariki mjini New York tarehe 9 Desemba 1971, akiwa na miaka 68. Ilikuwa imetimia miaka 10 kamili, siku ile ile, tangu Tanganyika ipate uhuru. Mbele ya makao ya Umoja wa Mataifa kuna bustani ndogo yenye jina lake.

Wapendwa, hatukuwaandikia habari hizi ili mumwone Bunche kuwa malaika. Tumeziandika kwa sababu tunasikia vijana wetu wakisema kwamba kuandika barua ya malalamiko ni kupoteza kalamu. Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa kwaya alituambia amepeleka barua yake katika ofisi moja mara tatu kwa ajili ya kadi ya mama yake, na kila mara anaambiwa arudi wiki ijayo. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Tulikwenda naye mara ya nne. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na saa nane mchana barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, tukapewa nakala. Kadi bado haijatoka.

Nakala hiyo tumeihifadhi katika sanduku la kanisa, pamoja na vyeti vya ubatizo. Yeyote mwenye barua ya namna hiyo na anaogopa mvua au panya, aje nayo siku ya Jumatano baada ya maombi, tutaitunza. Na asiyejua kuandika, watu wa kumwandikia wapo.

Mungu awalinde, awape nguvu za kungoja na nguvu za kuuliza. Tukutane katika toleo lijalo.

Ni sisi wachungaji wenu katika safari hii.